Geji za gari la mbio, na kosa langu la mstari mmoja

Najua nimenyamaza muda mrefu, na wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna habari moja niliyoionea aibu, na kila nikikaa kuandika jambo jingine hiyo ndiyo inayonijia kichwani. Basi leo naitoa ili niendelee na mambo mengine.

Ni habari ya geji za magari ya mbio, yaani zile saa ndogo ambazo vijana wa turbo hufunga pembeni mwa kioo cha mbele: presha ya turbo, presha ya oili, joto la oili. Nilidhani nazielewa kwa sababu najua kuandika programu. Ikachukua lori moja kwenye barabara ya Mombasa kunionyesha kwamba sikuelewa kitu.

Nianze na gari lenyewe. Mume wa dada yangu mkubwa ana gari la Kijapani la lita 2 lenye turbo. Si jipya, alilinunua likiwa limeshapita mikono miwili hapa Nairobi, na tangu siku hiyo hela zake zinaishia gereji. Jumapili nyingine humpati nyumbani. Yuko Athi River uwanjani, anazunguka na wenzake kushindana na saa.

Dashibodi ya gari hilo ina spidomita, geji ya mizunguko ya injini, mafuta na joto la maji. Geji ya turbo haina. Siku moja baada ya chakula akaniambia, "Shemeji, wewe si mtu wa kompyuta? Geji tatu nzuri ni karo ya muhula mzima. Hiyo tableti yako ya zamani haiwezi kunionyesha presha ya turbo?"

Nikamwambia hiyo ni kazi ya wikendi moja. (Ninyi mnaoandika programu mnaijua hiyo sentensi.)

Kwa wasiofahamu: chini ya usukani wa magari mengi kuna soketi ya kuzungumzia na kompyuta ya gari. Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Unachomeka kifaa kidogo cha Bluetooth, unatuma namba ya swali, unapata jibu. Ukiuliza 0C unapewa mizunguko ya injini, lakini lazima ugawe kwa 4. Ukiuliza 05 unapewa joto la maji, nawe unatoa 40 ili upate nyuzi za Selsiasi. Ukiuliza 0B unapewa presha iliyomo kwenye bomba linaloingiza hewa kwenye injini, kwa kilopaskali, bila hesabu yoyote. Kwa mtu kama mimi hiyo ni peremende.

Wikendi ile nilitengeneza geji 12. Zilikuwa nzuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Zilikuwa na vivuli, mishale myekundu, na mwanga wa buluu nyuma. Niliwaonyesha wenzangu kazini wakapiga makofi.

Tatizo la kwanza nililiona mwenyewe nikalificha mwenyewe. Kifaa cha bei rahisi huuliza swali moja moja, na changu kilikuwa kinapata majibu kama 10 kwa sekunde. Gawa hayo kwa geji 12, kila geji inapata habari mpya chini ya mara moja kwa sekunde. Mshale ulikuwa unaruka kama kiroboto. Basi nikaandika msimbo wa kuulainisha: majibu mawili yakija, mshale uteleze taratibu kutoka hili hadi lile. Ukaonekana kama wa gari la bei kubwa, ila sasa ulikuwa unapita juu ya namba ambazo injini haikuwahi kuzitaja.

Fikirieni injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika. Hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Lexus walipotengeneza gari lao la LFA, ambalo yalitoka 500 tu, injini yake ya silinda 10 ilikuwa inapanda kutoka kuunguruma taratibu hadi mizunguko 9,000 kwa sekunde 0.6. Walisema mshale wa kawaida hauwezi kuifuata, ndiyo maana wakaweka skrini. Wao waliweka skrini ili dereva aone upesi zaidi. Mimi niliweka skrini nikamfanya aone kwa kuchelewa.

Tulienda Athi River kuijaribu. Mimi nilikaa kiti cha pembeni na kofia ngumu kichwani, macho yangu yakiwa kwenye tableti. Tulipotoka nikamuuliza Shemeji, "Joto la maji lilifika ngapi?"

"Sijui."

"Na turbo?"

"Sijui, shemeji. Lakini kila kitu kilikuwa sawa."

Nilikasirika kidogo. Wikendi nzima ya kazi na mtu hakuangalia! Ila nilipofikiria nilikumbuka kwamba kweli aliangalia, mara moja kila mzunguko, kwenye ule mnyoofu mrefu, kwa muda mfupi kama wa kupepesa jicho. Kwenye kona hakutazama chochote ila njia. Na kugeuza gia alikuwa anafanya kwa sikio. Spidomita hakuigusa kwa macho hata mara moja.

Aliyenielewesha ni fundi wake, mzee mmoja aliyekuwa akihudumia magari ya Safari Rally enzi zile mashindano yalipokuwa yanakata nchi nzima, kabla hayajatolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002 na kurudi 2021 kule Naivasha. Aliiangalia tableti yangu kwa heshima, akaniuliza, "Kijana, hapa dereva anasoma au anaendesha?"

Akanionyesha gari jingine mle gereji, gari la mashindano. Geji zake zilikuwa zimefungwa vibaya, ndivyo nilivyoona mimi. Moja imelala ubavu, nyingine karibu iko kichwa chini, namba zinasomeka kwa kupinda shingo. Nikamwambia aliyezifunga alikuwa na haraka. Mzee akacheka. Akawasha injini, akaiacha ipate moto. Mishale ikapanda mmoja mmoja mpaka yote ikasimama wima, inaangalia juu kama mishale ya saa ifikapo saa sita.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila geji imezungushwa ili hali ya kawaida iwe saa sita. Dereva hana haja ya kujua kwamba joto la oili ni 105 au presha ni 4. Anatupa jicho mara moja: yote imesimama? Endelea. Mmoja umelala? Ondoa mguu, halafu ndipo usome ni upi. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, kila sekunde unayokaa umeangalia chini gari linakula mita 28 za barabara. Kusoma namba 12 ni safari ndefu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza madereva wanavyotumia geji zao, na majibu yao yanafanana. Kila geji ina saa yake ya kazi.

Kabla ya kuondoka ni presha ya oili. Unawasha, unangoja mshale uinuke, usipoinuka unazima palepale bila mjadala. Kuna kanuni ya zamani ya gereji isemayo pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000, na ingawa si sheria kwa kila injini, wengi bado wanaipima kwayo. Taa nyekundu ya oili iliyokuja na gari si badala ya geji hiyo, kwa sababu huwaka presha ikiwa imekaribia kuisha kabisa. Wakati huo kinachobaki ni kusikiliza mabearing yakilia.

Halafu ni joto la oili. Maji hupata moto upesi, oili huja nyuma pole pole, na mtu anayetazama maji peke yake huanza kukanyaga mapema. BMW M3 iliyotoka mwaka 2000 ilikuwa na taa ndogo kuzunguka geji ya mizunguko, zinazozimika moja baada ya nyingine kadiri oili inavyopata joto. Zikiwaka maana yake ni usinikimbize bado. Kwa maoni yangu hiyo ni geji bora kuliko zote nilizotengeneza mimi, kwa sababu inakuambia la kufanya.

Ndani ya mbio ni mizunguko ya injini, na hata hiyo madereva wengi hawaisomi kwa mshale. Wanasubiri taa iwake kwenye pembe ya jicho, au wanasikiliza. Na baada ya mbio ndipo kazi ya kumbukumbu. Magari ya zamani ya mashindano yalikuwa na geji ya mizunguko yenye mshale wa pili uliosukumwa na wa kwanza kisha ukabaki palepale ulipofikishwa. Dereva akirudi na kusema hakuizidisha injini, mkubwa wa timu anachungulia. Fundi wetu anauita mshale mmbea.

Geji ya turbo nimeiacha mwisho. Hiyo ndiyo vijana hununua kwanza, na ndiyo niliyoikosea.

Turbo inasukuma hewa ndani ya injini. Watu wa turbo huhesabu presha kuanzia hewa ya kawaida: wakisema baa 1, wanamaanisha baa 1 juu ya hewa iliyopo nje. Lakini swali la 0B halijibu hivyo. Linajibu presha yote, pamoja na ya hewa ya nje. Kwa hiyo lazima utoe hewa ya nje. Nami nikatoa 101, kwa sababu ndiyo namba tuliyofundishwa shuleni. Hewa ya dunia ni kilopaskali 101. Mstari mmoja wa msimbo.

Sasa wewe unayenisoma ukiwa Nairobi, jiulize uko wapi. Uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa hapa ni kilopaskali kama 83. Ile 101 ni ya Mombasa, tena ufukweni.

Hii maana yake, turbo ya Shemeji ilipokuwa inasukuma baa 1 kamili hapa Nairobi, kihisio kilisema 183, nami nikatoa 101, skrini ikaandika 0.82. Namba ndogo kuliko ukweli, siku zote, kwa kiasi kilekile.

Mtaniuliza, hukuona? Hili ndilo linaloniuma. Niliona. Siku ya kwanza nilipogeuza ufunguo bila kuwasha injini, geji ilionyesha hasi 0.18. Injini imezimwa, hakuna kinachonyonya wala kusukuma, ingepaswa kuwa sifuri. Kitu kilikuwa kinanipungia mkono kikisema "kaka, umekosea." Nikaona mshale uliolala chini ya sifuri unaharibu sura ya geji, na Shemeji hajali upande wa hasi. Nikaongeza mstari: kama ni chini ya 0, onyesha 0. Geji ikapendeza. Ushahidi pekee niliokuwa nao nikaufagia chini ya zulia kwa mkono wangu.

Shemeji akaniambia, "Fundi aliyeitengeneza turbo alisema inatoa baa 1. Mbona yako inasema 0.8?" Nami, msomi, nikampa somo. Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, turbo haipati cha kusukuma, ni kawaida. Kila sentensi ya somo lile ilikuwa na ukweli ndani yake. Ndiyo maana aliniamini.

Ila hakuridhika na 0.8. Gari lake lina skrubu ndogo ya kuongezea presha ya turbo. Jioni kadhaa, kidogo kidogo, aliikaza huku akiangalia skrini yangu, mpaka ikaandika 1.0. Kwa kweli sasa turbo ilikuwa inasukuma karibu 1.2.

Hapa Nairobi gari halikulalamika, na sababu yake ni nzuri kuielewa. Presha yote ndani ya injini ilikuwa 83 ya hewa na 118 ya turbo, jumla 201. Hiyo ni sawa kabisa na gari lile lile likiwa Mombasa na turbo ya baa 1. Injini haikuona ajabu. Aliyeumia kimya kimya ni turbo: kuikandamiza hewa kutoka 101 hadi 201 ni mara mbili, lakini kutoka 83 hadi 201 ni mara 2.4. Inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa yenye moto zaidi. Kwa makadirio yangu ni kama nyuzi 30 zaidi kabla haijapita kwenye redieta yake ya kupooza. Hakuna geji yangu iliyoonyesha hilo.

Desemba wakashuka Mombasa: Shemeji, dada yangu na watoto wawili nyuma.

Gari linaloteremka kutoka Nairobi kwenda pwani linaingia kwenye hewa nzito zaidi kila kilomita. Skrubu haijui hilo. Inaongeza ileile 118 juu ya hewa yoyote inayoikuta. Mtito Andei skrini yangu ikasema 1.1 akikanyaga. Walipopita Taru ilikuwa inakaribia 1.15. Baadaye nilimuuliza Shemeji kama aliona.

"Niliona," akasema. "Nilifurahi. Nilijua ni hewa ya pwani, wewe si ulinieleza."

Kati ya Taru na Samburu alikuwa nyuma ya lori refu la makontena. Akaangalia mbele, njia nyeupe, basi lilikuwa mbali. Akatoka, akashusha gia, akakanyaga mpaka chini. Akiwa sambamba na matairi ya katikati ya lori, presha ndani ya injini ikafika 215 na kompyuta ya gari ikaona imepita kiasi ilichopangiwa. Ikafanya ilichoundwa kufanya ili injini isipasuke: ikakata mafuta.

Dada anasema ilikuwa kama mtu amefunga breki. Watoto walirushwa mbele mpaka mikanda ikawashika. Gari likadunda, likakata, likadunda tena. Basi lililokuwa mbali halikuwa mbali tena, limewasha taa zote. Shemeji akatoa mguu, akakanyaga breki, akalipisha lori na kurudi nyuma yake. Lile basi likawapita huku honi ikilia.

Nimeisoma kumbukumbu ya tableti ya dakika ile mara nyingi. 215, kisha mizunguko inaanguka. Sekunde nne na nusu tangu alipokanyaga mpaka kasi iliposhuka ya kutosha kumrudisha nyuma ya lori. Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani nakunywa chai.

Dada hakunipigia simu. Alinitumia ujumbe: "Tableti yako iko kwenye buti. Tutaongea tukirudi."

Walirudi pole pole. Fundi alichomoa plagi akazitazama kwa kioo cha kukuzia, akaniita nione. Kwenye ile kauri nyeupe kulikuwa na vidoa vidogo vinavyometameta kama pilipili ya fedha. Akaniambia ni aluminiamu ya pistoni. Injini ilikuwa imeanza kugonga, na vichwa vya pistoni vilikuwa vinaliwa. "Safari moja zaidi," akasema, "ungeziokota barabarani."

Hakuniuliza msimbo. Alienda kabatini akatoa geji ya zamani ya mshale, yenye mpira mwembamba, akauunganisha kwenye bomba la hewa. Tukazunguka mtaa mmoja. Ya kwake ilisema 1.2 kasoro kidogo, yangu ilisema 1.0. "Yangu," akasema mzee, "haijui Nairobi wala Mombasa."

Nilienda kusoma kwa nini. Ndani ya geji kama ile kuna kibomba cha shaba kilichopinda. Presha ikiingia, kibomba kinajaribu kunyooka na kuvuta mshale. Ni uvumbuzi wa Mfaransa Eugène Bourdon, aliyepata hataza mwaka 1849. Nje ya kibomba kuna hewa ya kawaida ya mahali ulipo, na hiyo hewa inakisukuma kutoka upande wa pili. Kwa hiyo sifuri yake ni hewa ya hapo ulipo, popote ulipo, bila mtu kuandika namba yoyote. Nilichokikosea mimi kwa mstari mmoja, kibomba cha shaba hukipata bila kuulizwa.

Nikiwa bado nimeinamisha kichwa mzee akaniongezea mtihani. "Na maji yakiisha kwenye redieta, geji yako ya joto itafanya nini?"

"Itapanda."

"Itapanda, halafu itashuka. Kihisio kinapima kilichokizunguka. Maji yakitoka kinapima hewa. Nimeona watu wakiua injini huku wakishangilia kwamba imepoa."

Sikumjibu. Nilikuwa namfikiria Shemeji akifurahia 1.1 pale Mtito Andei.

Basi haya ndiyo niliyobadilisha kwenye programu, kwa yeyote anayetaka kujenga yake:

Kwanza, sifuri. Ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha, programu inasoma 0B na kuichukua hiyo kuwa hewa ya mahali hapo. Njiani inauliza pia swali la 33, ambalo ni presha ya hewa ya nje, kwa magari yanayolijibu. La Shemeji linajibu, na lilikuwa linajibu tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye sikuuliza.

Pili, nimefuta ule mstari wa kuficha hasi. Mshale ukitaka kulala chini ya sifuri ulale, hata ukichukiza.

Tatu, geji 9 zimeondoka. Zimebaki presha ya turbo, joto la maji na mizunguko. Kila moja sasa inapata habari kama mara tatu kwa sekunde. Ulainishaji nimeutoa. Habari ikichelewa zaidi ya sekunde moja mshale unakuwa kijivu, ili dereva ajue haongei na injini.

Nne, nimeruhusu kila geji kuzungushwa ili hali ya kawaida iwe saa sita. Hali hiyo inawekwa na fundi gari likiwa zima, si mimi nikiwa sebuleni.

Tano, kengele inalia joto likipanda kupita kiasi, na pia likishuka ghafla baada ya kupanda. Na kila geji ina mshale mmbea.

Wengine mtasema kosa lilikuwa la Shemeji, mbona aligusa skrubu bila kumwambia fundi? Naye amekiri hivyo. Lakini aliigusa akifuata namba yangu, na namba hiyo niliitetea kwa hotuba. Kazini nikikosea, mtu anaona ukurasa haufunguki, ananipigia simu kunitukana, narekebisha. Geji ikikosea haionyeshi ujumbe wowote wa hitilafu. Inaendelea kusimama pale imependeza, na mtu anakaza skrubu.

Dada alininunia wiki mbili. Baadaye alikubali tableti irudi garini kwa sharti moja: ile geji ya mzee ya mshale ifungwe pembeni yake. Mzee aliiuza kwa bei ya shemeji, yaani nililipa mimi. Sasa kila asubuhi Shemeji anageuza ufunguo bila kuwasha na kuangalia zote mbili. Zisipokubaliana, gari halitoki. Skrubu imerudishwa na fundi na kupigwa rangi juu ili ikiguswa ijulikane.

Nanyi wenye magari yenye geji za kuongeza, au programu za simu kama yangu, fanyeni jaribio hilo leo. Geuza ufunguo, usiwashe, angalia geji ya turbo inasema nini. Ikisema sifuri ukiwa Nairobi, vizuri. Lakini hakikisha pia inaweza kwenda chini ya sifuri injini ikiunguruma bila mzigo, maana huenda aliyeiandika aliona hasi haipendezi, kama mimi.

Maswali yaandikeni hapo chini, nitayajibu jioni. Wiki ijayo narudi kwenye mambo ya hifadhidata, ambako nikikosea hakuna lori pembeni.

Siku njema.